Tisa Iliyogeuzwa

Je, umewahi kusikia mama yako akiitwa kwa jina la mdogo wako, na wewe uliye mkubwa umesimama hapo hapo? Kama hujawahi, kaa vizuri usikie jinsi linavyochoma. Kama umewahi, basi Sindano ni mwenzako.

Sindano hakupewa jina hilo siku ya kuzaliwa. Alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na shangazi yake alipokuja kumwona mtoto aliinua kitambaa akauliza, "Huyu ni mtoto au ni sindano?" Jina likaganda hapo. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kwanza, mama yake naye akaitwa Mama Sindano, na baba yake, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, akawa Baba Sindano. Jina moja dogo, watu watatu wakalitumia, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika.

Kazi ya mama yake ilikuwa ushonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, kamba yenye nguo za wateja, na pazia la maua mlangoni. Kila siku Sindano akitoka shule alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana mama hakutaka mkono mchafu karibu na kitambaa cha mtu. Kisha alichukua sumaku iliyofungwa uzi akaiburuta sakafuni, huku na huku, ili kuokota pini zilizodondoka kabla hazijaingia kwenye unyayo wa mteja. Akishamaliza, alitia tone la mafuta kwenye cherehani na kuijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Halafu aliketi kwenye kigoda karibu na goti la mama, akashona vifungo na kukunja pindo.

"Sindano, niokoe," mama alizoea kusema kazi ikimzidi. Na Sindano alimwokoa. Pindo lake lilikuwa limelala sawasawa hata wateja wengine walidhani ni la mama.

Mdogo wake alikuwa kitu kingine kabisa. Tangu alipojua kutembea alipiga teke kila alichokikuta: kopo, chungwa bovu, soksi ya baba iliyokunjwa. Hakai, hatulii, ukimgusa anaruka. Ndiyo maana aliitwa Cheche. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya wasichana ya mtaa, timu iitwayo Nyigu.

Zamani Nyigu hawakuwa na mtazamaji. Walifanya mazoezi wavulana wakishaondoka uwanjani, wakiwa wamevaa jezi kuukuu za kaka zao zilizofika magotini. Aliyewatazama ni kocha wao tu, mama mmoja fundi baiskeli mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Kinyozi wa pale kona alikuwa akisimama mlangoni na kucheka. "Wasichana na mpira wapi na wapi? Hawa akipita mjusi mechi imevunjika!"

Lakini wale wasichana walikwenda kucheza mitaa mingine wakarudi na ushindi. Wakaenda tena, wakarudi tena. Redio nayo ikaanza kusoma matokeo ya ligi ya wanawake pamoja na ya wanaume. Siku moja televisheni ya kinyozi ikaonyesha mechi ya wanawake. Akashika rimoti ili abadilishe, lakini hakubadilisha. Alisimama mdomo wazi, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, mpaka mteja akamuuliza, "Bwana wee, nitakaa na nusu kichwa hadi lini?" Tangu siku hiyo kinyozi ndiye aliyeongoza kushangilia Nyigu. Mechi ikiwapo, alifunga duka na kwenda uwanjani na benchi lake kichwani.

Na ni yeye aliyeleta neno lile nyumbani.

Alasiri moja Sindano alikuwa ameshika pini midomoni, anabana mkono wa gauni, mara sauti ikaita nje ya pazia, "Hodi! Hodi kwa Mama Cheche!"

Mama alicheka. "Karibu," akaitika.

Akaitika! Sindano aligeuka kumtazama mama usoni, aone kama atasahihisha. Mama hakusahihisha. Kinyozi aliingia akitandaza meno, akisifu goli la Cheche, jinsi alivyompita beki kama anapita mlango ulio wazi.

"Na huyu je?" aliuliza, akimwona Sindano.

"Huyu si dada yake? Ndiye Sindano," mama akasema.

"Eh!" Kinyozi akapiga paja. "Kumbe Sindano ni mtu! Miaka yote hii nasikia Mama Sindano, Mama Sindano, mimi nikidhani ni hizi sindano za cherehani!"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nao wakacheka. Sindano pia alionyesha meno, lakini moyoni hapakuwa na kicheko hata kidogo.

Kuanzia hapo akaanza kuona vitu ambavyo zamani havikumshughulisha. Aliona kwamba Cheche akirudi mazoezini mama humwekea maji ya uvuguvugu ya kukanda miguu. Aliona kwamba viatu vya Cheche, vilivyopasuka mbele kama mdomo wa kambale, viliwekwa karibu na mlango kama viatu vya mgeni wa heshima, na vyake vilisukumwa chini ya kitanda. Aliona kwamba baba, baada ya kuchomelea magoli mapya ya chuma ya uwanja, alirudi nyumbani kifua mbele.

"Leo wameniita Baba Cheche," alisema wakati wa chakula, "mara ya kwanza nikadhani anaitwa mwingine. Mara ya pili nikageuka." Akacheka. "Nimeshazoea sasa."

Sindano akasukuma sahani yake. "Nimeshiba."

"Da' Sindano, kesho uje unione nikipiga danadana," Cheche alimwambia kitandani. "Siku hizi mpira hauanguki kabisa."

"Nina kazi."

"Kila siku una kazi!"

"Wengine tunafanya kazi, wengine wanacheza," Sindano akajibu, akageukia ukutani.

Basi, wiki ya mechi kubwa ikafika. Nyigu walikuwa wacheze na timu ya wasichana wa ng'ambo ya reli, na mwenye duka la vitambaa alikuwa amewapa kitambaa cha njano. Kwa mara ya kwanza watakuwa na jezi zao wenyewe, zenye vipimo vyao wenyewe. Kocha akakileta kitambaa kwa mama, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Kinatosha timu tu, Mama Cheche," akasema. "Hata jezi moja ya akiba haitoki. Ukikata, kata kwa huruma."

Mama akakata kwa huruma. Mabega na mbavu alishona yeye kwa cherehani. Namba, za kitambaa cheusi, zilishonwa kwa mkono ili zisijikunje, na kazi hiyo alimwachia Sindano. Namba zenyewe zilichorwa kwa vipande vya boksi gumu. Sita na tisa zilitumia kipande kimoja. Ukikisimamisha hivi ni sita, ukikigeuza kichwa chini ni tisa. Ili zisichanganyike, mama aliweka nukta ya chaki upande wa juu wa kila namba.

"Nukta inaelekea shingoni," alimkumbusha. "Sita ni ya Ukuta, tisa ni ya mdogo wako. Nakwenda kumpima bibi harusi, nikirudi tunapiga pasi."

Ukuta alikuwa beki na nahodha wa Nyigu, msichana mpana mpole ambaye hapitiki.

Sindano alishona sita ya Ukuta, ikakaa vizuri. Akachukua jezi ya Cheche. Pale pale Cheche mwenyewe akachungulia kwenye pazia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hiyo ndiyo yangu? Tisa, eh! Ishone vizuri, Da' Sindano, na mimi nitakufungia goli."

"Ondoka, unanimwagia vumbi."

Cheche aliondoka akirukaruka. Sindano aliweka tisa mgongoni mwa jezi, nukta ikielekea shingoni. Alibana pini ya kwanza, akabana ya pili. Nje akasikia kisauti cha mtoto wa jirani. "Hodi! Mama Cheche yupo? Mama anauliza gauni lake."

Mkono wa Sindano ukasimama.

"Hayupo!" akajibu.

Alichomoa pini. Akaigeuza namba taratibu, kichwa kikawa chini. Akaifuta nukta ya chaki kwa kidole gumba mpaka haikuonekana. Kisha akashona. Alishona kwa mishono midogo, myembamba, iliyoshikana, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona. Mama aliporudi, jezi zilikuwa zimeshapigwa pasi na kukunjwa zote, migongo ndani, zimepangwa kwenye kikapu.

"Umeniokoa, mwanangu," mama akasema. Sindano hakumtazama.

Siku ya mechi uwanja ulijaa kama sokoni. Watu walikuja na viti, ndoo, na masufuria ya kupiga. Wasichana wadogo waliobebwa mabegani walipiga kelele wakitaja majina ya wachezaji wa Nyigu. Kinyozi alikuwa amejipaka njano usoni. Kocha alitaka jezi zifunguliwe pale pale mbele ya watu, na zilipoanza kutolewa kikapuni, vigelegele vilipaa.

Cheche alivaa yake kwa haraka, akageuka ili mama amwone mgongo.

Vigelegele vikapungua. Ukuta alikuwa amesimama karibu naye, na migongo miwili ilisema neno moja: sita, sita.

Mwamuzi, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, akaja. "Namba ile ile haivaliwi na watu wawili, Kocha. Mmoja abadilishe."

"Hatuna nyingine," kocha akasema. "Kitambaa kiliisha."

"Basi mmoja akae nje mpaka namba irekebishwe. Wenzenu wanasubiri."

Kocha alimtazama Ukuta, akamtazama Cheche. Timu haiwezi kuanza bila nahodha wake. "Cheche, mwanangu, kaa."

Cheche hakulia. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, akitazama viatu vyake vilivyopasuka. Sindano alikuwa ameingoja saa hiyo, na alikuwa amedhani itakuwa tamu. Haikuwa tamu.

Filimbi ikalia. Watu nao wakaanza.

"Nani kashona hizi?"

"Mama Cheche!"

"Fundi gani hajui sita na tisa? Alisoma shule gani?"

"Mimi nina gauni langu kwake," mama mmoja akasema, "kesho nitakuta mkono umeshonwa miguuni!"

Kicheko kikapita kwenye umati. Mama alikuwa amesimama kando ya mstari. Aliichukua jezi ya Cheche, akamtupia mtoto koti la kocha, akapitisha kidole juu ya mishono ile midogo iliyoshikana. Kila fundi anaujua mkono wa mwenzake kama unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani. Alimtazama Sindano mara moja tu. Halafu akawageukia watu.

"Nimekosea mimi," akasema. "Macho yameanza kuchoka. Nisameheni."

Sindano alihisi kama amemeza pini. Alikuwa ametaka mama yake arudishiwe jina, na sasa, kwa mkono wake mwenyewe, amelitupa jina hilo chini ya viatu vya watu. Mle uwanjani wasichana wa ng'ambo ya reli walifunga goli, na hakuna hata sufuria moja iliyopigwa.

"Si mama," Sindano akasema.

Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya benchi la kinyozi. "Si mama! Namba niliishona mimi!"

"Ah, mtoto," kinyozi akasema, "kukosea ni kawaida, shuka usije ukaanguka."

"Sikukosea." Hakushuka. "Niligeuza makusudi."

Cheche akainua uso kutoka kwenye koti. Huo uso ndio uliomuuma Sindano kuliko maneno yote ya watu, kwa sababu haukuwa na hasira. Ulikuwa umeshangaa tu.

"Shuka," mama akasema. Hakupaza sauti. "Una sindano?"

Sindano alikuwa nayo. Siku zote alikuwa na sindano yenye uzi mweusi imechomekwa chini ya ukosi wake. Mama naye alikuwa na yake, pamoja na mkasi mdogo, kwenye mfuko wa gauni. Walikaa chini kwenye majani kando ya mstari, jezi imetandazwa magotini mwao, wakaanza kufumua. Ile mishono ilikuwa imara kweli. Sindano alijuta kuishona vizuri namna ile. Alichanika kucha, akaendelea kufumua.

Namba ilipotoka waliigeuza. Mama akaanza kushona kutoka juu, Sindano kutoka chini, na watu waliokuwa wakicheka wakajikuta wamewazunguka, wamewawekea kivuli kwa migongo yao. Mapumziko yalipita. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza pale sindano zao mbili zilipokutana ubavuni mwa tisa.

"Kata uzi," mama akasema. Sindano akakata kwa meno.

Cheche aliipokea jezi bila kumtazama dada yake. Akaivaa akikimbia.

Sitakudanganya kwamba alifunga magoli matano. Hakufunga hata moja. Lakini alipoingia, walinzi wa ng'ambo walianza kumkimbilia wawili wawili, na mechi ilipokaribia kwisha alipenya pembeni, akauinua mpira mpaka kichwani kwa Ukuta, na Ukuta, ambaye hajawahi kufunga tangu azaliwe, akaupiga kichwa ukaingia. Ikawa sare, moja kwa moja. Masufuria yalipigwa mpaka moja likatoboka, na ungedhani Nyigu wamechukua kombe. Ile tisa ilikuwa imepinda kidogo upande wa kulia.

Nyumbani, mama hakuwasha taa ya cherehani. Aliketi kwenye kiti chake cha kazi, Sindano kwenye kigoda, Cheche chini akikanda miguu kwenye beseni. Baba alikuwa bado uwanjani akisaidia kukaza nyavu.

"Ulitaka jezi?" mama akauliza. Sindano akatikisa kichwa. "Ulitaka kucheza?" Akatikisa tena. "Ulitaka nini, mwanangu?"

Sindano alifungua mdomo, maneno yakakataa. Lilionekana jambo dogo sana sasa, la kuchekesha hata.

"Nisikilize," mama akasema. "Sikukasirika kwa sababu una wivu. Wivu humwingia kila mtu. Mimi namwonea wivu fundi wa kule dukani na cherehani yake ya umeme, nikipita pale roho yangu inaruka. Lakini siendi usiku kumkatia waya. Mwenzako akishangiliwa na wewe ukaumia, mdomo unao. Njoo useme, 'Mama, nimeumia.' Ukiufunga mdomo, mkono ndio utakaosema, na mkono hauna adabu. Leo mkono wako umemkalisha mdogo wako nje, ukaivunja timu ya mtaa mzima nusu ya mechi, ukanifanya mimi nichekwe na watu. Na wewe umepata nini?"

"Sijapata kitu," Sindano akasema chini kwa chini.

"Kesho utakwenda kwa kocha, na kwa Ukuta, na kwa kila mmoja wao, ukaombe radhi kwa mdomo huo huo. Na jezi za Nyigu zikichanika, utazishona wewe. Si kwa adhabu tu. Ni kwa sababu hakuna mtu mtaani mwenye mkono kama wako, na timu haisimami kwa wanaopiga mpira peke yao."

"Nisamehe, Cheche," Sindano akasema.

Cheche alipiga maji kwa kidole cha mguu. "Nilikuwa nataka kulia," akasema, "ila kinyozi alikuwa karibu, rangi inamtiririka usoni, nikashindwa." "Lakini tisa yangu imepinda."

"Nitainyoosha."

"Usiinyooshe. Wanasema ndiyo inayoleta bahati." Kisha, bila kumtazama mtu, akaongeza, "Mimi mama hajawahi kuniambia nimwokoe. Hata uzi hanipi nitunge."

Mama alikuwa anataka kujibu, lakini nje ya pazia kukasikika vishindo na sauti iliyokauka kwa kushangilia.

"Hodi! Hodi kwa Mama Cheche!"

Ni kinyozi. Mama akafungua mdomo ili aitike kama kawaida.

"Mama, usiitike," Sindano akasema.

Mama akamgeukia. Cheche akaacha kukanda miguu.

"Hicho ndicho nilichotaka," Sindano akasema, na sasa maneno yalitoka yenyewe. "Wakikuita hivyo, usiitike."

Mama alimtazama kitambo, kutoka utosini mpaka kwenye ule ukosi wenye sindano. Hakucheka. "Haya," akasema taratibu, "kaitike wewe."

Sindano akasimama, akaenda mlangoni, akalivuta pazia. Kinyozi alikuwa amesimama pale na rangi ya njano masikioni.

"Hapa ni kwa Mama Sindano," Sindano akamwambia. "Sindano ni mimi. Cheche naye yupo. Karibu ndani."